Mizani ilisema mwanangu ananenepa, mgongo wangu ukasema anakwisha

Wakuu, mwaka wenyewe siujui kwa namba. Naujua kwa tumbo.

Ni mwaka tuliokula unga wa njano.

Mzungu ndiye alikuwa serikali. Mvua ilikataa vuli, ikakataa na masika. Huku kwetu Ugweno, ambako mtu hulala akisikia maji ya mfereji, mifereji ikanyamaza. Tulikula ndizi mpaka changa, zikaisha. Tukachimba mashina ya migomba, tukayakausha, tukayatwanga, tukala. Ndipo serikali ikaleta mahindi ya njano kwa treni mpaka Same, na kutoka huko yakapanda milimani kwa malori na vichwa vya wanawake.

Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na ladha ya gunia. Ukipoa unaukata kama sabuni ya kufulia.

Haya. Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba.

Mimi ni bibi, na sioni aibu kusema ni bibi mwenye wajukuu wengi kuliko wengi wenu humu mlivyo na marafiki. Shule nilisoma ya misheni, darasa la pili, baba akaona nimejua kuandika jina langu inatosha. Nikikosea herufi nivumilieni. Nikikosea ukweli nisuteni, maana haya nayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.

Naandika kwa kidole kimoja. Mkono wa pili uko nyuma unashikilia mtoto niliyembeba mgongoni. Ni mtoto gani, mtajua mbele. Kwanza mjue kwa nini nina hasira.

Nilikuwa nimeolewa Ngujini. Kwetu ni Kighare, si mbali, lakini mama mkwe wangu alivyokuwa ananisema ungedhani nimetoka ng'ambo. Nikiunguza mboga, "ndivyo wanavyopika Kighare." Nikichelewa kisimani, "Kighare hawana miguu."

Mume wangu Elieza alikuwa anafanya kazi stesheni ya Same. Kazi yake ilikuwa kupima mizigo. Gunia linakuja, analiweka kwenye mizani kubwa ya chuma, anasoma, anapaza sauti, karani anaandika.

Wakuu, yule mwanamume alipenda mizani! Akija likizo nyumbani anaihadithia mizani yake kama wenzake wanavyohadithia wanawake. Jinsi inavyong'aa. Jinsi alivyomuumbua tajiri mmoja aliyesema mzigo wake ni mwepesi. "Chuma hakina ndugu," anasema. "Chuma hakina upendeleo." Mimi nakuna kichwa, naendelea kumenya.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, wa kwanza. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu yake mzaa baba. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, akiitwa Kiangi. Basi na mwanangu akawa Kiangi.

Na mama mkwe, kwa kuwa mtoto ana jina la marehemu mumewe, akawa anamwita mume wangu.

"Mume wangu ameamka?"

"Mume wangu leo kanikojolea, hana adabu kama zamani!"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Akimbeba anamnyoosha nguo, anamfuta kamasi, anamtazama kama vile yule mzee amerudi kutoka makaburini na sasa asije akaondoka tena. Nilikuwa naona, na nilikuwa namwelewa. Ila alinichosha. Mtoto nimemzaa mimi, mume ni wake. Sasa mimi ni nani pale ndani?

Sasa mwaka ule ule wa unga wa njano ndipo ulipokuja mpango wa kupima watoto. Nesi alikuwa anapanda kutoka zahanati, mara moja kwa mwezi, na mizani yake. Alikuwa binti wa Usangi, mweusi kama sisi, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha. Mizani anaining'iniza kwenye boriti ya baraza ya kanisa. Ina ndoana chini. Mtoto anafungwa ndani ya nguo yake kama mzigo, nguo inatundikwa kwenye ndoana, mshale unazunguka.

Siku ya kwanza wanawake walikimbia. Si kwa kuogopa. Kwa kucheka!

Kwa sababu mizani ile, wakuu, ilikuwa imefanana kabisa na ya kahawa.

Hapa nitoke barabarani kidogo. Ninyi mnaokunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi hamjui tulivyokuwa tunaiuza. Unachuma, unamenya, unaosha, unaanika kwenye mkeka, mvua ikija unakimbia nayo ndani kuliko unavyokimbia na mtoto. Unaipeleka kwa karani wa kahawa. Anaitundika. Mshale unakwenda, halafu unarudi nyuma kidogo, na karani anasoma pale uliporudi. Kila mtu alijua mizani ya karani inakula. Basi na sisi tulikuwa tunaisaidia. Ndilo neno letu hilo, kuisaidia mizani. Mwingine haikaushi sana, mwingine anaweka kokoto chini ya gunia. Sikuona mtu aliyeita wizi. Tuliona ni kurudisha kilicholiwa.

Nimerudi barabarani.

Nesi akatupanga kwenye mstari, akatueleza. Mtoto anayekua lazima azidi kila mwezi. Asipozidi kuna ugonjwa au kuna njaa, na dawa ipo, maziwa ya unga yapo, hospitali ya misheni ipo. Maneno mazuri kabisa. Leo nikiyakumbuka, sioni alipokosea.

Ila alikuwa na ulimi. Mtoto akiwa mwepesi alikuwa anamsema mama yake mbele ya watu wote. "Huyu ni mwepesi! Mama yake yuko wapi? Mnakula nini huko nyumbani?" Mwaka wa njaa, mwanamke anaulizwa anakula nini! Na akiwa mzito anasema, "Huyu mzito, hongera," na watu wanapiga vigelegele.

Kiangi mara ya kwanza aliitwa mwepesi.

Mama mkwe ndiye alikuwa amempeleka. Siku ya kupima iligongana na siku ya barabara. Serikali ilikuwa inatulipa ule unga kwa kuchimba barabara, hukuchimba hupati, kwa hiyo nilishika jembe na mtoto akaenda na bibi yake. Aliporudi alikuwa amefura. Hakula.

"Wamemwita mume wangu mwepesi," akasema. "Mbele ya wake wa ukoo mzima. Mzee ambaye alikuwa anabeba boriti peke yake!"

"Mama," nikamwambia, "aliyepimwa ni mtoto."

"Nyamaza wewe. Kighare hawajui jina ni nini."

Mwezi uliofuata akampeleka tena. Akarudi anaimba njia nzima. Ameitwa mzito! Vigelegele vimepigwa! Mwezi wa tatu, mzito zaidi. Nesi alimwambia, "Bibi, wewe unajua kulea, waambie na wenzako."

Na mimi huku, wakuu, nimembeba yule mtoto mgongoni kila siku iendayo kwa Mungu. Nachimba barabara naye, nachota maji naye, natwanga naye. Na nasikia anakwisha.

Sijui niwaeleze vipi ninyi ambao watoto wenu mnawasukuma kwenye vigari. Mtoto mgongoni humwangalii kwa macho. Unamjua kwa ngozi. Mwanzo alikuwa ananivuta mabega nyuma. Halafu akaacha kunivuta. Halafu magoti yake yakaanza kunichoma mbavuni, kwa sababu nyama ya kuyafunika haikuwepo. Kanga niliyokuwa naifunga mara moja nikawa naizungusha na kubakiza ncha ndefu. Alikuwa anapiga kelele akiona ndizi, sasa anaiangalia tu. Maziwa yangu nayo yalikuwa maji. Ungetoa maziwa gani kwenye sabuni ile ya njano?

Nikamwambia mama mkwe. "Mama, mtoto anakonda."

"Mizani imesema ananenepa."

"Namsikia mgongoni."

"Mgongo wako ndio umezoea mzigo. Mwanamke akizoea kubeba, hata jiwe anaona nyoya." Akageuka kando upesi, akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Sikuliangalia hilo. Ningeliangalia!

Elieza akaja likizo. Nikasema, huyu ni msomi, mtu wa stesheni, atanisikia. Nikamvua mtoto nguo nikamwonyesha mbavu.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, nesi wa serikali kampima mbele za watu. Amezidi mwezi huu, akazidi na mwezi uliopita."

Elieza akatabasamu. Lile tabasamu lake la mizani.

"Mama Kiangi, unataka kubishana na chuma? Macho ya mama yana huruma, yanaona njaa hata pasipo njaa. Chuma hakina ndugu."

"Mshike basi! Mshike mwenyewe!"

Akamshika. Akampandisha na kumshusha, anafanya kama anapima gunia. Akasema, "Yuko sawa." Wakuu, mwanamume anayemshika mwanawe mara moja kwa miezi atajua alikuwa na uzito gani? Nilitamani nimtundike yeye kwenye ndoana.

Halafu ndipo akatoa lililomleta.

Amepewa chumba cha wafanyakazi pale Same. Kina mlango wa kufuli. Anataka nishuke nikampikie. Na mtoto, kwa kuwa mizani imesema ameshakuwa mzito, aachishwe ziwa, abaki Ngujini na bibi yake, kama desturi ya mtoto mwenye jina. Ameleta na maziwa ya kopo kutoka duka la Mhindi, kopo lina picha ya mtoto wa Kizungu ana mashavu kama maboga.

Mama mkwe alikuwa ameshakata shubiri. Ipo kwenye kibakuli. Ya kunipaka matitini ili mtoto aonje uchungu akimbie.

Kumbe walishapanga, wote wawili. Mimi nilikuwa naarifiwa.

Niliangalia kile kibakuli. Nikaangalia kopo. Nikamwangalia mtoto, ambaye hata kulia alikuwa amepunguza. Nikajua, na hapa sibahatishi, kwamba nikimwacha yule mtoto kwa kopo na shubiri sitamkuta nikirudi. Hawezi kunyonya vizuri, atanywa kopo? Na kopo likiisha, kopo jingine liko Same, siku nzima ya mguu na lori.

Sikuwa mwanamke wa kujibu. Tulilelewa tusijibu. Lakini siku ile nilimchukua mtoto, nikamrusha mgongoni, nikafunga kanga kwa nguvu mpaka pumzi ikapungua, nikasema:

"Mtoto huyu hashuki mgongoni kwangu."

Elieza akacheka, akadhani ni mzaha. "Mpaka lini?"

Nikarudia lile lile. Akasema mimi ni mkaidi. Nikarudia. Mama mkwe akasema Kighare wanazaa mawe. Nikarudia. Elieza akarudi Same na hasira zake na chumba chake cha kufuli, kopo akaliacha.

Na sikumshusha. Nililala naye ubavuni, nikiamka napandisha. Mama mkwe akija na mikono yake, "nipe mume wangu nimwogeshe," namwogesha mimi. Akazunguka zunguka pale nyumbani kama kuku aliyepotelewa na yai. Siku ya kupima ilipokaribia ndipo nilipomwona ana wasiwasi hasa.

"Siku ya kupima nitampeleka mimi," akasema.

"Nitampeleka mimi, mama."

"Na unga? Usipochimba hupati unga. Tutakula nini?"

"Tutalala njaa."

 Halafu akasema polepole, "Basi angalau niache nimfunge nguo. Nesi anataka nguo ifungwe vizuri."

"Nitamfunga mimi."

Nikaenda. Baraza ya kanisa imejaa wanawake, baridi ya asubuhi, kila mtu kamfunika mwanawe guo zima. Kwa sababu ya baridi ile, nesi alikuwa anawapima watoto na nguo zao, asije akawaletea kikohozi. Na hilo nalo lilikuwa la huruma.

Zamu yangu ikafika. Nikamfunga Kiangi kwenye guo lake, nikamtundika.

Mshale ulisogea kidogo tu, ukasimama.

Nesi akapiga mizani kwa kidole. Akamtoa, akamrudisha. Mshale ukasimama pale pale. Akaangalia kadi ya mtoto, akaniangalia mimi. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Mwezi uliopita bibi yake aliniletea mtoto mzito. Umemfanya nini huyu mtoto?"

"Sijamfanya kitu, dada. Mimi ndiye nasema anakonda siku zote—"

"Mtoto hapungui hivi kwa mwezi mmoja! Hapungui! Labda umemnyima chakula. Umemnyima? Mnaachisha watoto muende mjini kwa waume zenu, nawajua!"

 Wanawake niliochimba nao barabara wananiangalia. Mmoja akasema, na nilimsikia, "Ndiyo maana alikataa kumpa bibi yake."

Wakuu, kuna hasira ambayo hailii wala haisemi. Nimesema mtoto anakonda, nimeambiwa chuma kimesema ananenepa. Sasa chuma kimesema amekonda, naambiwa nimemkondesha mimi! Niende wapi? Nisimame upande gani wa hiyo mizani?

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mwache."

Mama mkwe. Alikuwa amenifuata kwa mbali, kanga kichwani. Akapita katikati ya wanawake. Hakuniangalia mimi, hakumwangalia nesi. Alimwangalia mtoto aliyekuwa ananing'inia kwenye ndoana.

Akaingiza mkono kwenye kibindo. Akatoa jiwe la mfereji, lile laini, bapa, kubwa kama kiganja kilichokunjuliwa. Akaliweka juu ya meza ya nesi. Meza ikalia.

"Hilo ndilo ulilokuwa unalipongeza," akasema.

Nesi hakuelewa. "Bibi, hili ni nini?"

"Nilikuwa nalifunga chini ya nguo yake. Nilianza na dogo. Mwezi uliofuata nikaona azidi, nikachukua kubwa. Hili ni la safari hii. Mizani inakula, mwanangu, kila mtu anajua mizani inakula. Mimi nilikuwa nairudishia. Sikuwa na nia mbaya. Sikutaka mume wangu aitwe mwepesi tena mbele ya watu." Halafu akaninyooshea kidole. "Huyu binti hana kosa. Alisema tangu mwanzo. Mimi ndiye nilimwambia mgongo wake mwongo."

Yaani jiwe lilikuwa linakua, mtoto anapungua. Na sisi tunapiga vigelegele.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana watu nikiwahadithia wanasema naongeza chumvi. Siongezi.

 Halafu nyuma kabisa ya mstari tukasikia, tok. Kitu kimeanguka sakafuni. Mwanamke mmoja anajifanya anaangalia dari. Halafu upande mwingine, tok. Halafu tok, tok. Mmoja kokoto, mwingine kipande cha tofali, jirani yetu mmoja akatoa jiwe la kunolea panga!

Karibu baraza nzima ilikuwa inaisaidia mizani.

Nesi akaketi kwenye kiti chake. Aliyaangalia yale mawe sakafuni muda mrefu. Nilidhani atatukana. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Na mimi nimeandika yote hayo." Halafu akainuka, akakunja mikono ya gauni, akaagiza moto uwashwe pale barazani, watoto wote wapimwe upya, uchi kama walivyozaliwa. Na siku ile hakumsema mama yeyote. Alikuwa anasoma, ananyamaza, anaandika.

Kiangi alikuwa miongoni mwa waliokuwa pabaya kabisa. Nesi akaniambia lazima aende hospitali ya misheni siku ile ile, alazwe. Akawa mpole sasa, akaniita dada.

"Utamwacha pale, dada, utakuja kumwona siku za kuona wagonjwa. Hakuna kitanda cha mama."

"Sijaomba kitanda," nikamwambia. "Mtoto huyu hashuki mgongoni kwangu."

Tuliondoka watatu. Mama mkwe alibeba kikapu, hakulitaja jina la Kighare hata mara moja njia nzima. Pale hospitali walinikatalia mlangoni, nikasema maneno yangu yale yale, mpaka daktari Mzungu akachoka akasema niachwe. Nilikaa nao. Nikawa nafua mashuka ya wagonjwa mtoto yuko mgongoni. Wakitaka kumpa dawa nageuza mgongo, wanampa hapo hapo. Maziwa ya unga yale nilimpa kwa kijiko, tone kwa tone, na walinifundisha kuchemsha maji kwanza. Alikuwa na minyoo, alikuwa na homa, na alikuwa na njaa. Walimtibu, na Mungu awape heri. Siwezi kusema hospitali ni mbaya. Bila hospitali ningerudi na kanga tupu.

Siku moja nikiwa kwenye kamba ya nguo nikasikia mabega yangu yanavutwa nyuma. Nikasimama. Nikaliacha lile shuka kwenye tope. Alikuwa ananivuta!

Nililia siku hiyo, basi. Mama mkwe alipokuja na ndizi zake mbili za kuomba omba nikamgeuzia mgongo nikamwambia, "Mshike mume wako." Akaingiza mikono chini yake, akampima hivi kwa mikono. Akasema, "Huyu sasa ndiye Kiangi." Hatukuombana msamaha zaidi ya hapo. Elieza naye alipopata habari alikaa miezi bila kuitaja mizani, na kwa mtu yule hiyo ndiyo toba kubwa kuliko zote.

Jiwe lile ninalo mpaka leo. Linazuia mlango wa banda la kuku.

Sasa nije kwa mtoto huyu niliye naye.

Kiangi alikua, akazaa, mwanawe akazaa. Na kwa desturi ile ile, mtoto wa kwanza wa mwanawe akapewa jina lake. Kwa hiyo nina Kiangi mwingine, kitukuu, ana meno mawili. Wazazi wake wamempandisha huku Ngujini kunisalimia. Mama yake anaitwa Neema, binti mzuri, ananipigia magoti akisema shikamoo, sina ugomvi naye.

Ila mtoto amevishwa kibangili mguuni. Kibangili kinaongea na simu. Simu inasema mtoto amelala, mtoto ameamka, moyo wake unakwenda vizuri, ana njaa, hana njaa. Neema hamwangalii mtoto, anaangalia simu.

Leo mchana mtoto amelia. Analia, namsikia kwa masikio yangu haya.

"Bibi, apu inasema amelala, usingizi mzuri," Neema akaniambia.

"Mwanangu, macho yake yako wazi. Ananiangalia."

"Labda network, bibi. Lakini moyo uko sawa kabisa. Mwache tu kitandani atazoea, asizoee mgongo."

Nikamchukua nikampandisha. Ana joto kidogo, la meno au la kitu kingine, bado sijui, ndiyo maana naendelea kumsikiliza, na nimeshasema kabla jua halijashuka tunakwenda naye zahanati. Si dawa za kienyeji, zahanati. Huko kuna mizani na nitamvua nguo mwenyewe, na hicho kibangili nacho kivuliwe.

Basi imekuwa kesi. Neema kaandika kwenye grupu la familia kwamba bibi amemkatalia mtoto. Wajukuu wa Dar wamechangia, wa Arusha wamechangia, aliye nje amechangia kwa Kiingereza. Wananiwekea vicheko vile vya njano. Mmoja ameandika, "Bibi, kifaa hakidanganyi." Niliposoma hilo nilimwona Elieza kabisa na tabasamu lake, Mungu amrehemu.

Na aliyenimaliza ni Kiangi mwenyewe. Kiangi wangu! Mzee mstaafu sasa, ana kitambi, ananitumia ujumbe wa sauti: "Mama, kifaa kinaonyesha mtoto yuko sawa, mteremshe apumzike."

Wewe? Katika watu wote duniani, wewe ndiye unaniambia mimi niteremshe?

Wakuu, msije mkasema bibi anachukia maendeleo. Hii simu naipenda, nalala nayo. Mizani ile haikusema uongo hata siku moja, ilipima ilichopewa. Sisi ndio tuliokuwa tunaiamini zaidi ya mtoto mwenyewe, na wengine tukaipa mawe kwa sababu ya aibu. Ninachosema ni kimoja. Kifaa kikisema hivi na mwenye kumbeba akasema vile, mvueni mtoto nguo mwangalie. Haichukui muda.

Nanyi mliolea au kulelewa, semeni hapo chini. Nani aliwahi kubishiwa na chuma juu ya mwanawe? Mkitaka kunicheka chekeni, nitasoma yote tukirudi zahanati, chaji ikiwepo.

Na wa grupu la familia najua mnapita humu kimya kimya. Jibu langu kwenu, kwa Neema na simu yake, na kwa wewe Kiangi na kitambi chako, halijabadilika tangu mwaka wa unga wa njano:

Mtoto huyu hashuki mgongoni kwangu.